Uzi maalumu: "Close to the Edge" ya Yes (1972), na kwa nini dakika 18 si nyingi

Mleta uzi:

Salaam wanajukwaa. Humu tumezoea kujadili rumba, dansi, taarabu na hip hop, nami ni mshiriki wa mijadala hiyo, lakini leo naomba mniruhusu nilete albamu ya Waingereza ambayo nimeishi nayo kwa miaka mingi, na ambayo kila ninapomwekea mtu hunipa jibu lilelile: nyimbo hizi ni ndefu mno. Albamu yenyewe ni Close to the Edge ya kundi la Yes, iliyotolewa na kampuni ya Atlantic mwezi Septemba 1972. Ina nyimbo tatu tu. Wimbo uliobeba jina la albamu unachukua upande wote wa kwanza wa santuri, dakika 18 na sekunde zaidi ya 40. Upande wa pili una "And You and I", wa dakika 10 hivi, na "Siberian Khatru", unaokaribia dakika 9.

Hoja yangu inahusu zaidi ule upande wa kwanza. Nadai kwamba urefu wake si mbwembwe za wapigaji, bali ndio kifaa chenyewe kinachoufanya wimbo ufanye kazi. Kinachosisimua mwishoni ni kitu kilichopandwa mapema, tena kitu ambacho msikilizaji anapaswa kukisahau kwanza ndipo kikimrudia kimguse, na kusahau kunahitaji muda.

Kwa wasiowafahamu, Yes liliundwa London mwaka 1968 na mwimbaji Jon Anderson pamoja na mpiga gitaa la besi Chris Squire. Kufikia 1972 lilikuwa na Steve Howe kwenye gitaa, Rick Wakeman kwenye vinanda na Bill Bruford kwenye ngoma. Albamu iliyotangulia, Fragile, ilikuwa imewapa "Roundabout", wimbo uliowafungulia milango ya redio za Marekani, na mtu mwenye akili ya biashara angetengeneza "Roundabout" ya pili. Wao waliingia studio ya Advision mjini London wakatoka na wimbo usioweza kupigwa redioni bila kukatwa. Hawakuwa peke yao katika hilo, kwa kuwa mwaka huohuo Jethro Tull walitoa Thick as a Brick, wimbo mmoja uliosambaa pande zote mbili za santuri, na Genesis wakatoa "Supper's Ready" wa takriban dakika 23. Roki ya progresivu, yaani lile tawi la roki lililoazima muundo kutoka simfoni na jazi, ilikuwa katika enzi yake, na wasikilizaji walikuwa tayari: Close to the Edge ilifika nafasi ya nne Uingereza na ya tatu Marekani.

Sasa tuingie ndani. Wimbo unaanza kwa sauti ya maji yanayotiririka na ndege wanaolia, ikipanda taratibu kwa karibu dakika nzima, kisha bendi inaangukia masikioni kama kabati la vyombo lililopinduka. Gitaa la Howe linakimbia bila kupumua, besi inapanda na kushuka ngazi zake, ngoma hazitaki kumsaidia msikilizaji kuhesabu, na katikati ya vurugu hiyo waimbaji wanapaza "aaa" moja, kila kitu kinakatika, kimya kinapita, na vurugu inaanza tena. Wengi huzima hapa. Nawaelewa, lakini wanazima sekunde chache kabla ya malipo, kwa sababu karibu na dakika ya tatu vurugu inatulia na gitaa linatoa mahadhi mapana, ya wazi, ambayo mtoto anaweza kuyaimba. Yawekeni akilini mahadhi hayo. Anderson anaanza kuimba karibu na dakika ya nne.

Wimbo umegawanyika katika sehemu nne zenye majina. Ya kwanza ni "The Solid Time of Change". Ya pili, "Total Mass Retain", inaanza karibu na dakika ya sita na kwa sikio la kawaida inafanana na ya kwanza, ila ardhi iliyo chini ya mwimbaji imebadilishwa: besi na ngoma zinatembea kwa hesabu nyingine. Mwishoni mwa sehemu hii, kama mtu anayetaja jambo akiwa tayari amesimama mlangoni, Anderson anaimba maneno "I get up, I get down", nainuka, nashuka. Yanapita haraka mno kiasi kwamba msikilizaji wa mara ya kwanza hayachukui.

Kisha, kwenye dakika ya nane na nusu, kila kitu kinasimama. Sehemu ya tatu ina jina hilohilo, "I Get Up, I Get Down", na karibu haina ngoma kabisa. Vinanda vinadondosha sauti mojamoja kama matone pangoni, na waimbaji wanaimba mahadhi mawili tofauti yenye maneno mawili tofauti kwa wakati mmoja, Howe na Squire wakienda kwao na Anderson akienda kwake, hadi wanakutana kwenye kauli ile ndogo iliyopita mlangoni. Anderson anaipandisha kila mara juu zaidi, na anapofika kileleni kinaingia kinanda kikubwa cha kanisa, kile cha mabomba. Hicho si kifaa cha studio. Wakeman alikwenda kukipiga katika kanisa la St Giles-without-Cripplegate, palepale London, na ukiwa na spika nzuri utalisikia jengo lenyewe.

Kuanzia hapo vinanda vinayarejesha yale mahadhi ya dakika ya tatu yakiwa yamevaa sura nyingine, ya kiza zaidi. Dakika ya 14 inaleta sehemu ya nne, "Seasons of Man", Wakeman anapiga kinanda cha umeme aina ya Hammond kwa kasi ya mtu aliyefungiwa muda mrefu, na ndipo unarudi ubeti wa mwanzo, mahadhi yaleyale ya dakika ya nne, ila sasa umetulia na una uzito ambao haukuwa nao. Unapofika "I get up, I get down" kwa mara ya mwisho, maneno si yale yale tena, kwa sababu baina ya mara ya kwanza na hii msikilizaji amepita kanisani. Jaribuni kuruka kutoka dakika ya nane hadi ya 14, mtaona mwisho unakuwa mzuri tu, kama nyimbo nyingine nzuri.

Karibuni kwa maoni, pamoja na ya wasiokubali.

Mchangiaji wa pili:

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo yaliyonifanya niisikilize tena jana usiku baada ya kuiacha zaidi ya mara moja. Muziki nakubali. Maneno ndiyo yananishinda. Ubeti wa kwanza kabisa unazungumzia mchawi mkongwe na kupangwa upya kwa ini la mtu. Kama mimi Mswahili niliyesomeshwa ushairi wa kina Muyaka nikikuletea fumbo, nina wajibu wa kuwa na fumbuo mfukoni hata kama sikupi. Huyu bwana Anderson ninashuku hana kitu mfukoni.

Mleta uzi:

Mkuu, shutuma yako ni ya haki kwa sehemu, na sitautetea kila mstari. Anderson huchagua maneno kwa jinsi yanavyolia kinywani kabla ya kuyachagua kwa maana, na kuna mahali, mathalani hilo jina "Total Mass Retain", ambapo sidhani kwamba kutafuta maana kutakufikisha popote. Lakini wimbo mzima una mgongo, na mgongo huo unajulikana. Anderson alikuwa amesoma Siddhartha, riwaya ya Hermann Hesse iliyotoka mwaka 1922, ambayo mhusika wake anazunguka kwa waalimu, kwa mwanamke, kwa biashara na kwa mali, na hatimaye anaishia kukaa na mvushaji wa mtumbwi kando ya mto, akijifunza kuusikiliza mto hadi asikie ndani yake sauti zote kwa pamoja. Ukiwa na picha hiyo utaelewa kwa nini wimbo unaanza na kuishia kwa maji, na kwa nini sehemu ya tatu ina sauti zinazoimba mambo tofauti kwa wakati mmoja. Aidha, Howe ameeleza kwamba kwake yeye kauli ya kuwa karibu na ukingo ilitokana na kuishi jirani na mto Thames, kwa hiyo wimbo una mito miwili, wa India na wa London.

Hapa naomba nijisifie lugha yetu kidogo. Kiitikio kinasema karibu na ukingo, chini kando ya mto, na katika Kiingereza hayo ni mawazo mawili. Kwetu ukingo ni wa mto na ni wa shimo, neno moja limebeba hatari na utulivu, na mara nyingine nadhani wimbo huu ungekaa vizuri zaidi katika Kiswahili.

Fumbuo, basi, lipo, ila halipo kwenye mistari. Lipo kwenye mpangilio.

Mchangiaji wa tatu:

Wakuu, mimi ni mpiga besi wa bendi ya kanisa na nataka kuongeza jambo ambalo mleta uzi ameligusa juujuu. Sisi tunafundishwa kwamba besi inakaa na mguu wa mpiga ngoma. Besi ya Squire haikai na mtu. Alitumia besi aina ya Rickenbacker, akaipiga kwa kijiti badala ya vidole, na akaiachia sauti ya juu mpaka besi inakwaruza kama gitaa lenye hasira. Nenda kwenye "Total Mass Retain" usikilize besi peke yake: kuna mahali angeweza kuiondoa sauti ya Anderson na wimbo ukaendelea kuwa wimbo. Na hili linawezekana kwa sababu ya Bruford, ambaye ngoma yake ndogo imekazwa mpaka inalia kama mlango unaobamizwa, na ambaye huacha nafasi pale ambapo mpiga ngoma mwingine wa roki angejaza. Alipenda jazi, na inasikika.

Pia kuhusu urefu, nashangaa sisi ndio tunaolalamika. Santuri ndogo za mizunguko 45 za bendi zetu za zamani zilikuwa na sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande ule, na hakuna aliyekubali kuishia upande wa kwanza wakati sebene liko nyuma.

Mleta uzi:

Umenikumbusha jambo zuri, mkuu, kwa sababu Yes nao walifanyiwa hivyohivyo. "And You and I" ulitolewa Marekani kwenye santuri ndogo ukiwa umegawanywa sehemu mbili, moja kila upande, na bado ukafika nafasi ya 42. Ule mrefu haukuwezekana kugawanywa namna hiyo, wakachomoa "Total Mass Retain" peke yake na kuiweka nyuma ya wimbo mwingine. Niliwahi kuisikiliza ikiwa imechomolewa. Ni kama kukutana na mtu wa familia yako akiwa kwenye kituo cha basi cha mji usioujua.

Mchangiaji wa nne:

Naomba nitetee upande wa pili, ambao mmeusahau. Nakubali kuwa upande wa kwanza ni jengo kubwa, lakini nikiwa nyumbani kwangu ninaorudi kuusikiliza ni "And You and I". Unaanza na Howe akigusa nyuzi za gitaa la nyuzi 12 kama anayelikagua kabla ya kulipiga, na mtu studioni anasikika akisema "okay". Kisha ni wimbo wa gitaa la mti tu, wa kijiji, hadi vinanda vya Wakeman vinapofunguka na kuwa wingu zima. Vinarudi mara mbili, na mara zote mbili mwili unasisimka.

"Siberian Khatru" naupenda kwa sababu nyingine. Baada ya nyimbo mbili za kutafakari, huu unataka kukimbia. Gitaa la Howe linatoa kibwagizo kisichochosha hata kikirudiwa, na katikati kinatokea kinanda cha zama za kale, hapsikodi, na pia gitaa lenye sauti ya sitari. Mwisho wake waimbaji wanatoa maneno mafupimafupi kwa kukatakata, wakiyatumia kama ngoma.

Mleta uzi:

Nakubali yote, na naongeza kuhusu hilo jina kwa kuwa linatuhusu. Anderson ameeleza kwamba alilitumia neno khatru bila kulijua maana, na alipoomba mtu amtafutie akaambiwa kwamba katika Kiarabu cha Yemeni ni kama kusema upendavyo. Kwa sikio la Mswahili linagonga mlango wa hatari. Upendavyo na hatari vyote viwili vinaufaa wimbo ule.

Mchangiaji wa pili:

Nimeanza kushawishika, lakini nina swali. Ikiwa kila kitu kilipangwa hivyo, kwa nini Bruford aliondoka mara baada ya kurekodi?

Mleta uzi:

Kwa sababu ya namna kilivyopangwa, mkuu. Hawakuingia studio na wimbo ulioandikwa. Walitengeneza kipande, wakakirekodi, wakatengeneza kingine, na fundi mitambo wao Eddy Offord, ambaye pia alikuwa mtayarishaji pamoja nao, akaviunga kwa kukata na kubandika utepe. Kila sauti ilijadiliwa, na watu watano walikuwa na maoni matano. Wenyewe wamesimulia kwamba kuna kipande cha utepe kilichohitajika ambacho mfagizi wa studio alikitupa, ikabidi watu wakapekue pipa la taka nje. Bruford alikuwa kijana aliyetaka muziki unaotokea wakati wapigaji wanasikilizana, na hapa kila pigo lilikuwa suala la kikao. Kazi ilipokwisha aliwaaga, akajiunga na King Crimson, kundi jingine la roki ya progresivu, wakati Yes likipanda juu kuliko wakati wowote.

Nafasi yake ilichukuliwa na Alan White, aliyekuwa amempigia John Lennon ngoma kwenye "Imagine". Alikuwa na takriban siku tatu za kujifunza orodha nzima ya nyimbo kabla ya onyesho la kwanza huko Dallas, tarehe 30 Julai 1972, kabla hata albamu haijatoka. Nyimbo zote tatu zimo katika Yessongs ya mwaka 1973, albamu ya maonyesho ya jukwaani. White anapiga kwa uzito zaidi, kama roki inavyopigwa, na nyimbo zinakwenda mbele kwa nguvu. Mimi nazikosa zile nafasi za Bruford.

Na hapa nitawaudhi mashabiki. Kundi lilifurahia urefu kiasi kwamba mwishoni mwa 1973 likatoa Tales from Topographic Oceans, santuri mbili zenye nyimbo nne, kila wimbo upande mzima. Wakeman hakuipenda, akasimulia baadaye jinsi alivyokula mchuzi wa kari jukwaani katikati ya onyesho, na mwaka 1974 akaondoka. Zimo dakika nzuri sana ndani yake, lakini huko urefu ulitangulia na nyimbo zikatafutwa za kuujaza. Katika Close to the Edge ulikuwa umetokea kinyume chake, wimbo ulianza na ukakataa kwisha.

Mchangiaji wa tatu:

Hilo la mwisho sikubaliani nalo, lakini tulifungulie uzi wake. Swali langu ni la vitendo: tusikilize toleo lipi?

Mleta uzi:

Yapo mengi, nitaje mawili. Lipo la awali lililochanganywa na Offord, lenye msongamano kidogo, ambapo vurugu ya mwanzo inakuwa vurugu kweli. Lipo pia lililochanganywa upya na Steven Wilson mwaka 2013, ambamo kila chombo kimepewa kiti chake na besi ya Squire unaweza kuifuata kwa kidole. Kwa mara ya kwanza ningechagua la awali, na kwa mara ya kumi la Wilson.

Kama mtaipata santuri, lifungueni jalada. Mchoraji wake, Roger Dean, aliuacha uso wa mbele ukiwa rangi ya kijani tu inayofifia, ikiwa na jina la kundi kwa maandishi yale ya mviringo yaliyotumika kwa mara ya kwanza hapo, na picha akaificha ndani: ziwa lililo juu ya mlima, maji yakimwagika kingoni pande zote bila ziwa kupungua.

Kama mnasikilizia kwenye simu, naomba jambo moja. Wimbo wa kwanza unapoisha, maji na ndege wa mwanzo wanarudi na kufifia, na simu itaingiza "And You and I" papo hapo. Mwenye santuri mwaka 1972 hakuwa na njia hiyo. Sindano ilifika mwisho, chumba kikawa kimya, akabaki amekaa kidogo, kisha akainuka kwenda kuigeuza sahani. Bonyezeni kitufe cha kusimamisha, mkae hivyohivyo dakika moja au mbili, ndipo muendelee.